Nguvu za Mwili si Kinga ya Ugonjwa



Katika familia zetu nyingi yumo kijana anayependa michezo. Mmoja hucheza mpira, mwingine hukimbia mbio, mwingine yumo katika timu ya netiboli au ya kikapu ya shule. Wazazi hufurahi, na wana haki ya kufurahi. Michezo hujenga mwili, hufundisha nidhamu na humwepusha kijana na makundi mabaya. Kwa wachache hufungua hata mlango wa masomo ya juu.

Mwezi huu tutazame michezo kwa jicho la afya. Mfano wetu tutauchukua mahali ambapo michezo ya wanafunzi imekua sana, yaani vyuo vikuu vya binafsi vya Marekani. Tutaona vijana watatu waliokufa na mmoja aliyepona. Jambo tunalotaka kila familia ilishike ni moja: kijana mwenye nguvu anaweza kuwa mgonjwa, na dalili inayomtokea wakati wa mazoezi haifai kudharauliwa wala kufichwa.

MICHEZO YA VYUO HIVYO IKOJE?

Huko Marekani chuo kikuu si mahali pa vitabu tu. Chuo huwa na timu zake, makocha wanaolipwa mshahara, viwanja vikubwa na watazamaji maelfu. Chama kinachosimamia michezo hiyo kwa vyuo vingi huitwa NCAA. Kina vyuo wanachama wapatao 1,100 na wanamichezo zaidi ya 500,000. Vyuo vimegawanywa katika madaraja matatu. Katika daraja la kwanza na la pili chuo kinaweza kumlipia kijana karo, chumba na chakula kwa sababu ya kipaji chake cha michezo. Katika daraja la tatu hakuna ufadhili wa namna hiyo.

Tangu mwanzo chama hicho kinahusiana na afya. Mwaka 1905 vijana kadhaa walikufa kwa kuumia katika mpira wa Kimarekani, ule unaochezwa kwa mikono na kuangushana. Rais Theodore Roosevelt aliwaita Ikulu viongozi wa michezo wa vyuo vitatu vya binafsi, yaani Harvard, Yale na Princeton, akawataka wapunguze ukatili wa mchezo. Mwaka 1906 vyuo viliunda chama, nacho ndicho NCAA ya leo.

Vyuo vya binafsi vingi viliasisiwa na madhehebu ya dini, vikiwemo vya Kikatoliki. Vijana wa Afrika Mashariki nao wamepita huko. Mkenya Peter Rono alisoma sekondari kwa Mabruda wa Mtakatifu Patrisi huko Iten. Baadaye alijiunga na Mount St. Mary's, chuo cha Kikatoliki katika mji mdogo wa Emmitsburg, jimbo la Maryland. Akiwa bado mwanafunzi wa chuo hicho, mwaka 1988 alishinda medali ya dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki ya Seoul. Alikuwa na miaka 21.

Kwa kijana wa maskini, nafasi ya namna hiyo ni kubwa mno. Hapo ndipo hatari inapojificha. Kijana anayejua kwamba karo yake inategemea miguu yake, ataogopa kusema kwamba kifua kinamuuma. Na siku hizi fedha zimeongezeka. Tangu Julai 2025 vyuo vya daraja la kwanza vimeruhusiwa kuwalipa wachezaji wao moja kwa moja. Fedha zikiongezeka, kishawishi cha kunyamaza nacho huongezeka.

WA KWANZA: MOYO

Loyola Marymount ni chuo kikuu cha Kikatoliki mjini Los Angeles, kilichotokana na kuunganishwa kwa chuo cha Wajesuiti na chuo cha watawa wa kike mwaka 1973. Timu zake huitwa Simba. Mwishoni mwa miaka ya 1980 timu yake ya kikapu ilisifika kwa kucheza mbio mbio na kufunga pointi nyingi. Nyota wake alikuwa Hank Gathers, kijana mrefu mwenye misuli, kutoka mtaa wa maskini wa Philadelphia. Katika msimu wa 1988-89 aliongoza vyuo vyote vya daraja la kwanza kwa kufunga, na pia kwa kudaka mipira inayorudi kutoka kwenye kikapu. Ni wachezaji wachache sana waliowahi kushika nafasi zote mbili katika msimu mmoja.

Tarehe 9 Desemba 1989, akiwa amesimama tayari kurusha mpira wa adhabu, Gathers alizimia. Baada ya muda aliinuka. Madaktari walimpima wakakuta mapigo ya moyo wake yanakwenda ovyo wakati wa mazoezi. Alipewa propranolol, dawa inayotuliza kasi ya moyo. Baada ya wiki chache alirudi uwanjani. Lakini alilalamika kwamba dawa inamfanya mzito, na kipimo chake kikapunguzwa.

Tarehe 4 Machi 1990, katika ukumbi wa chuo chake, alifunga kikapu, akageuka kurudi nyuma, kisha akaanguka. Hazikupita saa mbili akawa amekufa hospitalini. Alikuwa na miaka 23. Familia ilifungua kesi, ikamalizwa kwa maelewano.

Uchunguzi wa maiti ulionyesha ugonjwa wa msuli wa moyo kuwa mnene kupita kiasi. Tuueleze kidogo. Moyo ni pampu iliyofanywa kwa msuli. Kwa mwenye ugonjwa huu kuta za pampu hunenepa, na nyuzi zake hazijipangi vizuri. Mtu akikaa anaweza asisikie lolote. Akikimbia sana, umeme unaoongoza mapigo huweza kuvurugika. Moyo hutetemeka tu badala ya kusukuma damu, na mtu huanguka papo hapo.

Ugonjwa huu hupatikana kwa takriban mtu 1 kati ya 500, na mara nyingi ni wa kurithi. Mzazi akiwa nao, kila mtoto ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuurithi. Kwa hiyo kijana akifa ghafla uwanjani, familia isikimbilie kusema amerogwa. Kufanya hivyo kunaweza kuwaponza wadogo zake. Wapelekwe hospitali wapimwe moyo, kwani huenda nao wanao ugonjwa huo huo bila kujua.

WA PILI: PUMU

Tarehe 3 Agosti 2001, katika chuo kikuu cha binafsi cha Northwestern karibu na Chicago, wachezaji wa mpira wa Kimarekani walikuwa katika mazoezi makali ya kukimbia mara nyingi mfululizo. Rashidi Wheeler, mwenye miaka 22, alikuwa na pumu tangu zamani. Alishikwa na pumu uwanjani, akafa siku hiyo. Mganga wa serikali aliyechunguza maiti alisema pumu ndiyo iliyomuua. Chuo chenyewe kilidai kwamba vidonge vya kuongeza nguvu vyenye mmea wa ephedra vilichangia. Mwaka 2004 serikali ya Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa vidonge vya namna hiyo.

Katika pumu njia za hewa hukaza na kujaa ute. Mtu huweza kuvuta pumzi kidogo, lakini kuitoa inakuwa kazi. Mazoezi makali, vumbi na hewa baridi huweza kuiamsha. Hata hivyo mwenye pumu si lazima aache michezo. Wapo waliofika Olimpiki. Yanayotakiwa ni matibabu ya kila siku kama alivyoagiza daktari, kupasha mwili moto taratibu kabla ya kukimbia, na dawa ya kuvuta iwe karibu uwanjani, isiachwe bwenini. Kocha ajue ni nani mwenye pumu. Naye akianza kukoroma kifuani au kushindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, mazoezi kwake yamekwisha.

Kuhusu vidonge na poda za kuongeza nguvu zinazouzwa mitaani, tuseme wazi: usinunue kitu ambacho hujui kilichomo. Wali, ugali, maharage, mayai, samaki, mboga za majani, matunda na maji vinatosha kumjenga mwanamichezo kijana.

WA TATU: DAMU

Chuo cha tatu ni Rice, cha binafsi, mjini Houston, jimbo la Texas. Tarehe 24 Septemba 2006 Dale Lloyd, kijana wa miaka 19 wa mwaka wa kwanza, alikimbia pamoja na wenzake mbio fupi 16 mfululizo, kila moja kama mita 90. Alianguka, na kesho yake akafa hospitalini. Ilionekana kwamba alikuwa mbebaji wa selimundu, ugonjwa ambao wengi wetu huuita siko seli, na mwenyewe hakujua.

Jambo hili latuhusu sana. Mtoto anayerithi selimundu kwa baba na kwa mama huugua tangu utotoni. Anayerithi upande mmoja tu ni mbebaji. Huyu si mgonjwa. Huishi maisha ya kawaida, na tena damu yake humkinga kwa sehemu kubwa na malaria kali. Ndiyo sababu wabebaji ni wengi katika nchi zenye malaria, zikiwemo zetu. Miongoni mwa Wamarekani weusi ni takriban mtu 1 kati ya 12.

Lakini mbebaji akilazimishwa kujikaza bila kupumzika, hasa kwenye joto, akiwa na upungufu wa maji au mgeni wa mazoezi, chembe zake nyekundu za damu huweza kujikunja kama mundu. Huziba mishipa midogo, misuli huanza kufa, na sumu yake huharibu figo na kuvuruga moyo. Dalili zake zina tofauti na zile za moyo. Mtu haanguki ghafla kama gogo. Huanza kwa miguu kulegea, misuli kuuma na pumzi kukata, huku bado anaongea. Kocha asiyejua humwona mvivu, akamfokea aendelee. Hapo ndipo kifo huingia.

Baada ya kifo cha Lloyd na kesi iliyofunguliwa na wazazi wake, NCAA iliagiza kwamba kuanzia mwaka 2010 wanamichezo wapya wa daraja la kwanza wapimwe selimundu, au waonyeshe kipimo cha zamani, au watie sahihi kwamba wamekataa. Mbebaji hafukuzwi timuni. Anafundishwa kuanza taratibu, kunywa maji, kupumzika kati ya mbio na mbio, na kusimama mara anapojisikia vibaya bila kuulizwa maswali.

ALIYEPONA

Sasa turudi Los Angeles. Tarehe 24 Julai 2023, katika mazoezi ya kikapu ya chuo kikuu cha binafsi cha Southern California, kijana wa miaka 18 alianguka na moyo wake ukasimama. Huyu ni Bronny James, mtoto wa mchezaji mashuhuri LeBron James. Wahudumu wa afya wa chuo walikuwa karibu, wakamshughulikia mara moja, kisha akakimbizwa hospitali. Ilionekana ana kasoro ya moyo ya kuzaliwa nayo. Akatibiwa, akapumzishwa. Tarehe 10 Desemba mwaka huo huo, kwa ruhusa ya madaktari, alicheza tena.

Ni mji ule ule na mchezo ule ule. Tena Gathers alianza masomo yake katika chuo hicho hicho cha Southern California kabla ya kuhamia Loyola Marymount. Hatuwezi kusema kwamba magonjwa yao yalikuwa sawa. Lakini katika miaka 33 iliyopita kati yao, vyuo vilijifunza mengi. Vifo vya ghafla vya moyo ni vichache, kama kifo 1 kwa mwaka katika kila wanamichezo 50,000 hadi 60,000 wa vyuo, na vimekuwa vikipungua. Kilichosaidia si muujiza. Ni mambo manne:

1. Kupimwa kabla ya msimu. Kijana huulizwa historia yake na ya familia yake, na hupimwa mwili. Vyuo vingi huongeza kipimo cha umeme wa moyo. Kipimo hakioni kila kasoro, lakini huona nyingi.

2. Mhudumu wa afya uwanjani. Si michezoni tu, bali mazoezini pia, kwa sababu wengi huanguka mazoezini.

3. Mashine ya kushtua moyo kwa umeme, iliyo karibu na inayofanya kazi. Moyo ukisimama kwa kutetemeka, kila dakika inayopita bila kushtuliwa hupunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10.

4. Neno la mwisho ni la mganga. Kanuni za NCAA katika daraja la kwanza sasa zinasema wazi kwamba anayeamua kama mchezaji arudi uwanjani ni mganga na wahudumu wa afya. Kocha hana mamlaka ya kuwapinga, hata kama fainali ni kesho.

Jambo hili la nne halihitaji fedha. Shule yetu ya kijijini inaweza kulianza wiki hii.

DALILI ZA HATARI

Mpeleke kijana hospitali apimwe moyo, na asicheze mpaka apate ruhusa, ukiona mojawapo ya haya:

- Amezimia au kukaribia kuzimia wakati wa mazoezi, hata kama aliinuka mara moja na kucheka.
- Kifua humuuma au kubana anapokimbia.
- Moyo humwenda mbio au kuruka ruka bila sababu.
- Huishiwa pumzi kuliko wenzake wa umri na mazoezi sawa.
- Katika ukoo yupo aliyekufa ghafla kabla ya kufikia miaka 50, au aliyezama majini bila sababu ya kueleweka.

Kwetu lipo jingine la kuangalia. Mtoto mwenye mafindofindo na homa, kisha viungo vikavimba na kuuma kwa kuhama hama, huenda ana homa ya baridi yabisi. Homa hii huharibu milango ya moyo polepole, na madhara yake huweza kuonekana miaka baadaye, kijana anapoanza kukimbia. Mafindofindo yatibiwe zahanati mapema, na dawa zimalizwe kama zilivyoandikwa.

Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Daktari akisikia mlio usio wa kawaida moyoni, atamtuma kijana hospitali kubwa. Kwa Tanzania, vipimo kamili vya moyo hufanyika katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete mjini Dar es Salaam, na pia katika hospitali ya rufaa ya Bugando mjini Mwanza.

AKIANGUKA UWANJANI

Kijana akianguka ghafla bila kugongwa na mtu, haitiki, na hapumui au anatweta kwa vipindi, chukulia kwamba moyo umesimama. Mikono au miguu huweza kukakamaa na kurukaruka kidogo. Wengi hudhani ni kifafa wakangoja, na kungoja huko humuua.

Mtume mtu mmoja akatafute gari na kupiga simu hospitali. Mlaze chali mahali pagumu. Weka kiganja katikati ya kifua chake, kiganja cha pili juu yake, nyosha mikono, kandamiza kwa nguvu ili kifua cha mtu mzima kishuke sentimeta 5 au zaidi kidogo, kisha kiache kirudi juu. Fanya hivyo mara 100 hadi 120 kwa dakika. Usisimame. Ukichoka apokee mwingine, mpaka afumbue macho au mpaka mfike mikononi mwa wahudumu wa afya. Usimmwagie maji, usimnyweshe kitu, wala usiwaache watu wamzonge.

Kazi hii mtu wa kawaida anaweza kujifunza kwa saa chache. Parokia yenye timu ya vijana ingefanya vema kumwalika muuguzi awafundishe makocha, walimu na vijana wenyewe kabla ya ligi kuanza.

KWA BABA NA MAMA

Mnapompa mtoto wenu ruhusa ya kuingia timu ya shule, mwambieni kocha ukweli kuhusu afya yake: pumu, selimundu, kuzimia, kifo cha ghafla katika ukoo. Msifiche kwa kuogopa kwamba atakosa nafasi. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Na zungumzeni na mtoto mwenyewe. Mwambieni kwamba mnampenda hata asipofunga bao wala kupata ufadhili wa masomo. Kijana aliyesikia neno hilo nyumbani atakuwa na ujasiri wa kuinua mkono katikati ya mchezo na kusema, "Mwalimu, sijisikii vizuri." Naye mwalimu mwema atamjibu, "Toka ukae, mwanangu, kisha tukupeleke ukapimwe."